Kumbe Alikuwa Anatuaga: Sayansi ya Ishara Tunazoziona Baada ya Msiba

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa kumi ya usiku kwa saa za Afrika Mashariki, sakafu ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, ilipasuka kwa tetemeko la ukubwa wa 9.1. Pwani ya Wabajuni, kusini mwa Somalia kuanzia Kismayu hadi Ras Kiamboni, ilikuwa katikati ya kaskazi, na ardhi yake haikutikisika kiasi cha kumwamsha mtu. Yapata saa saba zilipita, kisha mawimbi yaliyovuka Bahari ya Hindi nzima yakaifikia Somalia. Huko kaskazini, kwenye rasi ya Hafun, maji yalisomba nyumba, vyombo na watu. Somalia ilipoteza watu wapatao 300. Katika nchi 14 zilizoguswa na janga hilo, waliokufa walizidi 225,000. Visiwa vya Wabajuni vya Koyama, Ngumi, Chovai na Chula havikupata maafa ya kiasi cha Hafun.

Msiba ukishapita, maswali huanza. Kwa nini Hafun na si Koyama? Kwa nini tarehe 26 Desemba, siku ileile ambayo mwaka mmoja kabla tetemeko liliuvunja mji wa Bam nchini Iran na kuua zaidi ya watu 26,000? Kwa nini usiku wa mwezi mpevu? Picha ya setilaiti iliyopigwa siku hiyo juu ya Kalutara, Sri Lanka, ikasambaa duniani, na Waislamu wengi wakasema kwamba povu la mawimbi limeandika jina la Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu. Kutoka Lampuuk, mkoani Aceh, ikaja picha ya msikiti mweupe uliosimama peke yake katikati ya uwanja mtupu, nyumba zote za jirani zikiwa zimefutika.

Makala haya yanahusu tabia hiyo ya binadamu ya kuona ishara katika sadfa baada ya msiba. Watafiti wa hesabu na wa saikolojia wamegundua mengi kuihusu, na walichogundua kina faida kubwa kwa watu wa pwani ambao bahari huwalisha na pia huwazika. Ninaamini elimu hii haimpunguzii muumini imani yake. Humpunguzia mzigo ambao hakupaswa kuubeba.

Njia ya wimbi

Tuanze na swali la Hafun na Koyama, kwa sababu lina jibu. Ufa uliofunguka Sumatra ulikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, ukielekea kaskazini na kusini. Wimbi la tsunami husukumwa kwa nguvu zaidi kwenda pembeni mwa ufa kuliko kwenye ncha zake, kwa hiyo nguvu kubwa ya lile la 2004 ilielekea mashariki na magharibi. Sri Lanka, Maldives na Somalia ya kaskazini zikawa njiani. Milima iliyo chini ya bahari nayo huligeuza na kuliongoza wimbi. Mji wa Hafun wenyewe uko kwenye ardhi ya chini, katika rasi iliyoungana na bara kwa ukanda wa mchanga, na wavuvi walikuwa wengi kwa sababu ulikuwa msimu wao.

Mwezi mpevu huleta bamvua, na katika bamvua pwani ya Afrika Mashariki bahari hujaa alfajiri na alasiri. Mawimbi ya kwanza yalifika Kenya na Tanzania maji yakiwa chini, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupungua kwa madhara huku kwetu. Nchini Kenya alikufa mtu mmoja. Hakuna mahali katika maelezo haya panaposemwa kuwa watu wa Hafun walikuwa na dhambi zaidi kuliko watu wa Chovai.

Hesabu ya sadfa

Tarehe zilizogongana ni jambo jingine. Chukua mashua iliyobeba watu 23 kutoka Kismayu kwenda visiwani. Je, kuna uwezekano gani kwamba wawili kati yao walizaliwa tarehe moja? Wengi watasema ni mdogo mno, kwa kuwa mwaka una siku 365 na abiria ni 23 tu. Jibu sahihi ni zaidi ya nusu. Kosa letu ni kuwahesabu watu badala ya kuhesabu jozi. Watu 23 hutoa jozi 253 za kulinganisha, na kila jozi ni nafasi mpya ya tarehe kugongana.

Sasa ondoa abiria, weka maafa. Ukiorodhesha majanga makubwa 30 ya dunia, kila moja na tarehe yake, uwezekano wa mawili kuangukia tarehe moja ni asilimia 70 hivi. Tena Bam na Sumatra hazikuchaguliwa na mtu kabla ya kutokea. Tuliangalia nyuma, tukapita katika matetemeko, vimbunga, vita na ajali za meli, mpaka tukakuta mawili yaliyolingana. Lingekosekana hilo tungeshika jingine, labda siku ya wiki, labda mwezi wa Kiislamu, labda idadi ya waliokufa.

Wanatakwimu Persi Diaconis na Frederick Mosteller waliandika kuhusu jambo hili mwaka 1989. Walionyesha kwamba penye watu wengi na matukio mengi, jambo lolote la ajabu lina nafasi ya kutokea. Tukio ambalo uwezekano wake ni mara moja katika milioni kwa mtu mmoja kwa siku litawapata watu zaidi ya 100 kila siku katika Somalia, Kenya na Tanzania, kwa kuwa wakazi wa nchi hizi tatu kwa jumla wanapita milioni 100. Kwa mwaka ni zaidi ya mara 36,000. Mmoja wao ataota ndoto ya maji na kesho yake apokee habari ya kuzama kwa ndugu. Ataisimulia ndoto hiyo maisha yake yote, naye hatakuwa anasema uongo. Wale walioota maji na kesho ndugu zao wakarudi na samaki hawana cha kusimulia.

Lipo pia suala la mahali. Katika Vita Kuu ya Pili, Wajerumani waliirushia London mabomu ya V-1. Wakazi waliona mitaa fulani inapigwa mara kwa mara na mingine inaachwa, wakaamini kwamba adui anachagua. Mwaka 1946 mtaalamu wa hesabu za bima, R. D. Clarke, alichukua kipande cha London ya kusini akakigawa katika viraba 576 vya ukubwa sawa, kila kimoja robo ya kilomita mraba, akahesabu mabomu 537 yaliyoangukia humo. Viraba 229 havikupata hata bomu moja. Viraba 211 vilipata moja moja, 93 vilipata mawili, 35 vilipata matatu, 7 vilipata manne, na kimoja kilipata zaidi ya hayo. Kisha akapiga hesabu ya jinsi ambavyo ingekuwa mabomu yangeanguka ovyo bila kulenga mtaa wowote. Namba zikakaribiana ajabu. Kitu kinachoanguka bila mpango hakijipangi sawasawa. Mwaga mchele kwenye mkeka uone: hapa punje zimerundikana, pale ni patupu. Mtu wa kiraba kilichopigwa mara nne hakuwa amelengwa na yeyote, ingawa yeye mwenyewe angeapa kwamba alilengwa.

Akili inayotafuta mshiko

Kama hesabu ndiyo hiyo, mbona ishara zinatujia kwa nguvu zaidi wakati wa huzuni? Daktari wa akili wa Ujerumani, Klaus Conrad, aliandika mwaka 1958 kuhusu wagonjwa wake waliokuwa wakiona uhusiano kila mahali, hata pasipo na uhusiano. Watafiti waliofuata waliona kwamba sehemu ya tabia hiyo tunayo sote. Akili ya binadamu hutafuta sura katika mawingu na maandishi katika povu.

Mwaka 2008, Jennifer Whitson na Adam Galinsky walichapisha majaribio yao katika jarida la Science. Walilifanya kundi moja la watu lijione halina uwezo juu ya mambo yake, kisha wakawaonyesha picha zilizojaa vitone vitone. Baadhi ya picha zilikuwa na umbo lililofichwa, nyingine hazikuwa na kitu. Waliopotezewa uwezo waliona maumbo mengi zaidi katika picha zisizo na kitu. Lakini walipopewa nafasi ya kutafakari mambo wanayoyathamini maishani, tofauti hiyo iliondoka. Maana yake ni kwamba aliyenyang'anywa usukani hutafuta cha kushika, na akiimarishwa moyo huona kwa utulivu.

Wavuvi wanalielewa hili pengine kuliko watafiti. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyeishi na wavuvi wa visiwa vya Trobriand katika Bahari ya Pasifiki, aliandika mwaka 1925 kwamba walipovua ndani ya wangwa uliotulia walitegemea ujuzi wao tu. Uganga waliutumia walipotoka kwenda bahari kuu, kwenye hatari na pasipo na uhakika.

Baada ya msiba, kumbukumbu nayo hufanya kazi yake. Baruch Fischhoff na Ruth Beyth, mwaka 1972, waliwaomba watu wakadirie yatakayotokea katika ziara za Rais Nixon wa Marekani huko Beijing na Moscow. Ziara zilipokwisha, wakawaomba wakumbuke makadirio yao. Kwa yale yaliyokwisha kutokea, watu walikumbuka kwamba tangu mwanzo walikuwa na uhakika zaidi kuliko walivyokuwa nao kweli. Matokeo yakishajulikana, kumbukumbu huirudia jana na kuipaka rangi.

Nenda kwenye matanga yoyote ya pwani hii utalisikia hilo. Mvuvi anatoka alfajiri, amebeba mshipi na dumu la maji, na mlangoni anamwambia mkewe, "Mwangalie mtoto." Maneno hayo huyasema karibu kila siku. Siku chombo kisiporudi, yanageuka. Mjane anayarudia, shangazi anaongeza kwamba jana yake alimpa mkono mara mbili, jirani anakumbuka alivyolipa deni la sukari. Kisha mtu anasema yale ambayo wote walikuwa wakiyangoja: "Kumbe alikuwa anatuaga!"

Sayansi inaweza kueleza jinsi sentensi hiyo inavyozaliwa. Haimpi mtu ruhusa ya kumsahihisha mjane. Kwa kuyakusanya yale machache ya mwisho, familia inampa marehemu heshima ya kuondoka kama mtu, pamoja na kuagana. Sentensi ile haimlaumu yeyote na haimdhuru yeyote.

Kilichosimama na kilichoanguka

Tuurudie msikiti wa Lampuuk. Wahandisi waliouchunguza ukanda ule waliona kwamba majengo yaliyosimamishwa juu ya nguzo nene za zege, yenye uwazi chini, yaliyaacha maji yapite. Nyumba ndogo za kuta nyembamba zilisukumwa zikaondoka. Misikiti mingi ya Aceh imejengwa kwa nguzo na uwazi, kwa kuwa ni mahali pa watu wengi kukusanyika, na jamii huijenga kwa uangalifu kuliko nyumba zao wenyewe. Hata hivyo misikiti mingi mingine ya Aceh ilianguka. Picha zake hazikuzunguka dunia, kwa sababu picha ya uwanja mtupu haina msikiti wa kuonyesha.

Wabajuni wanao ushahidi wa namna hiyo nyumbani. Visiwani kuna magofu ya misikiti ya kale na makaburi ya mawe, ambayo wanaakiolojia kama Neville Chittick waliyachunguza miaka ya 1960. Nyumba za miti, udongo na makuti walimoishi waumini wa misikiti hiyo hazipo tena. Jiwe la matumbawe lililojengwa kwa chokaa hudumu karne nyingi, na makuti huoza. Anayeona magofu peke yake ataona mji wa misikiti na makaburi. Ili aujue mji wenyewe ni lazima afikirie na vile ambavyo havikubaki.

Kuujua ukweli huu hakumzuii mtu kumshukuru Mungu kwa msikiti uliosimama na kuwapa watu hifadhi. Hatari huja pale shukrani inapogeuka hukumu, tukasema kuwa nyumba zile zilizoanguka zilistahili.

Siku jua lilipopatwa Madina

Waislamu wana kisa cha kuwaongoza katika jambo hili, na kwangu ni fundisho kubwa kuliko majaribio yote niliyoyataja. Mwaka wa kumi wa Hijra, Mtume Muhammad alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto mchanga aliyezaliwa na Maria al-Qibtiyya. Siku hiyo jua likapatwa. Wanafalaki wakipiga hesabu kurudi nyuma wanakuta kwamba tarehe 27 Januari 632 kulikuwa na kupatwa kwa jua kulikoonekana Bara Arabu.

Hebu fikiria uzito wa sadfa hiyo. Mtoto wa Mtume amefariki na mwanga wa mchana umepungua. Watu wa Madina walisema yale ambayo mtu yeyote angesema: jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Hapakuwa na mtu ambaye ishara hiyo ingemfaa kuliko baba yule mwenye huzuni. Lakini alisimama akawafundisha kwamba jua na mwezi ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, navyo havipatwi kwa ajili ya kifo cha mtu wala uhai wake. Akawaelekeza kwenye sala na dua.

Kwa mafundisho hayo jua lenyewe, kwa utaratibu wake, lilibaki kuwa ishara. Kilichoondolewa ni ule uzi ambao watu waliufunga kati ya jua na msiba mmoja. Elimu ya falaki ambayo leo hutabiri kupatwa kwa jua kwa dakika na sekunde inasimama upande huohuo.

Manahodha wa pwani hii nao waliishi kwa ishara za kweli. Walihesabu miongo ya mwaka kuanzia Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka wao, wakajua lini kaskazi itaingia na lini kusi itaanza, na wakasoma bamvua katika umbo la mwezi. Ishara hizo zilijaribiwa na vizazi, na iliyokosea iliachwa, kwa kuwa nahodha aliyeishikilia hakurudi. Hiyo ndiyo njia ya kuitambua ishara ya kushikwa. Hurudi mwaka hata mwaka, na mwingine anaweza kuipima. Iliyokuja mara moja tu, ikatambuliwa baada ya tukio kupita, haiwezi kumwongoza mtu.

Tafsiri inayojeruhi na inayoponya

Mwanasaikolojia Kenneth Pargament ametumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyotumia dini katika shida. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliowafuatilia kwa miaka miwili wagonjwa 596 wa hospitali nchini Marekani, wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Waliojiuliza iwapo Mungu amewatupa, waliotilia shaka upendo wake kwao, au walioamini kwamba shetani ndiye aliyewaletea ugonjwa, walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia kati ya 19 na 28. Tafiti nyingine nyingi zimeonyesha kwamba wanaopata katika dini faraja, wenzao wa kuswali nao na hisia ya kutoachwa peke yao huistahimili misiba vizuri zaidi.

Basi mwenye kumwambia mfiwa kwamba msiba wake ni adhabu anamwongezea jeraha. Wabajuni wameonja misiba ya kutosha. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991, wanamgambo waliwavamia na kuwapora, na wengi wakakimbia kwa vyombo vyao hadi Kenya, wengine wakaishia kambi ya Jomvu, Mombasa. Yaliyowapata yalikuwa na wahusika wenye bunduki. Kuyaita adhabu ya waliopigwa kungewaachia huru waliopiga. Na katika mafundisho ya Uislamu, muumini anayekufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi, daraja ya heshima.

Upande wa pili ni kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na chimbuko la tetemeko la 2004. Mwaka 1907 tsunami iliua watu wengi huko. Waliosalia hawakubaki kutafuta nani alikosea. Waliigeuza kumbukumbu kuwa masimulizi na nyimbo za kubembelezea watoto, wakaliita wimbi hilo smong, na fundisho likawa moja: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikirudi nyuma, kimbilieni mlimani. Karibu miaka 100 baadaye wimbi liliporudi, kisiwa chenye wakazi wapatao 78,000 kilipoteza watu 7.

Somalia ilikuwa na muda wa saa saba na haikuwa na wa kuipa habari. Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa tahadhari ya tsunami mwaka 2004. Leo vituo vya India, Indonesia na Australia huchunguza matetemeko na kutuma taarifa kwa nchi za bahari hii. Kutoka kituo hadi kwa mvuvi wa Chula bado kuna safari, na safari hiyo hukamilishwa na redio, simu, kipaza sauti cha msikiti na mtu anayejua la kufanya.

Hapo ndipo msiba wa 2004 unaweza kupata maana kwa watu wa visiwa hivi. Khatibu anaweza kuusimulia, na mwalimu wa chuoni akawafundisha watoto pamoja na sura wanazohifadhi. Maji yakitoka ghafla wakati si wa kupwa, usiende kuokota samaki walioachwa mchangani. Kimbilia sehemu ya juu kabisa unayoweza kuifikia, mbali na ufuo. Aliye chomboni kwenye kilindi abaki huko, kwa kuwa wimbi la tsunami huinuka likifika maji mafupi. Na wimbi la kwanza likipita usirudi, kwa sababu hufuatiwa na mengine na la kwanza si lazima liwe kubwa. Mtoto wa Koyama akiyajua haya, watu 300 wa mwaka ule watakuwa wamemwachia kitu cha kumwokoa, na kuokoa nafsi ni ibada ambayo hakuna shaka juu ya maana yake.